VSC (ule mfumo wa kuzuia gari isiteleze) kwenye gari ya spoti mnaizima au mnaiacha? Juzi imenigeuka pale Samaki, Mwanza

Wakuu heshima kwenu. Nina Toyota 86 ya 2013, manyuo, nina miezi mitatu nayo. Washkaji zangu wakiiona tu swali la kwanza "VSC umezima?" eti kuendesha gari kama hii na VSC ni sawa na kunywa supu kwa mrija. Basi nikazoea, kila nikiwasha nabana kile kitufe sekunde tatu mpaka taa ziwake ndo naondoka.

Sasa Jumapili alfajiri, mvua imetoka kunyesha, natokea Capri Point, nimeingia kipilefti ya Samaki gia ya pili, spidi hata 40 sidhani kama ilifika, wakati natoka nikakanyaga mafuta kidogo tu mkia ukaondoka. Nikashtuka nikaachia mafuta yote, ndo ikawa balaa zaidi. Nimekuja kutulia gari inaangalia nilikotoka, injini imezima, waipa zinafuta tu, na mama mmoja wa vitumbua pembeni kashika upawa hewani ananiangalia, hajasema neno.

Sasa niiache iwe on muda wote au mi ndo sijui kuendesha?

Altezza_ya_Igoma
Yote mawili mkuu 😂 Mi natembelea Altezza mwaka wa sita, yangu haina hiyo VSC na haijawahi kunigeuka, ila nilijifunzia uwanja mtupu sio kipilefti. Kosa lako kubwa ni kule kuachia mafuta ghafla. Ukiachia hivo uzito wote unahamia mbele, nyuma inabaki nyepesi kama debe tupu, lazima izunguke. Unatakiwa upunguze taratibu huku unarudisha usukani upande ambao mkia unaelekea. Ila ukishazoea VSC haujifunzi haya kamwe, hapo washkaji zako wana pointi.

FundiUmeme_Nyakato
Altezza ndugu yangu nakuheshimu ila hapo sikubali. Kuna kitu VSC inafanya ambacho wewe na mimi hatuwezi hata tufundishwe miaka ishirini. Mguu wako una pedali moja ya breki, ukikanyaga zinabana tairi zote. Ile inabana tairi moja moja. Inasoma sensa ya usukani inajua unataka kwenda wapi, inasoma sensa nyingine inajua gari yenyewe inazunguka kiasi gani, vikipishana inaingilia. Mleta mada ulikuwa unatoka kipilefti unakata kushoto, mkia ukatupwa kulia, basi ingebana breki ya mbele kulia peke yake na ikapunguza nguvu ya injini, pua ikarudi kwenye laini. Wewe ungeona tu taa ya njano inapepesa ukadhani ni nuksi ya waya.

Na hii sio kitu cha wanaojifunza gari kama wanavyosema vijiweni. Mercedes walianza kuiweka 1995 wakishirikiana na Bosch, alafu 1997 gari yao ndogo A-Class ilipopinduka kule Sweden kwenye jaribio la kukwepa kitu barabarani ikabidi waiweke kwenye A-Class zote. Marekani gari ndogo zote za modeli ya 2012 kwenda mbele ni lazima ziwe nayo. Porsche wanaweka, Ferrari wanaweka, sembuse sisi.

Kama unataka utamu kidogo hiyo 86 ina kitufe cha VSC SPORT, inakuruhusu uteleze kidogo kabla haijaingilia. Kitumie hicho, na barabara iwe kavu. Kubana sekunde tatu uachie uwanjani. Na ujue Toyota ukigusa kitufe mara moja unazima traksheni tu (ile ya kuzuia tairi kuzunguka bure), spidi ikipanda inajirudisha yenyewe, ila ukibana zile sekunde tatu zinazima zote mbili, traksheni na VSC, na hazirudi zenyewe mpaka ubonyeze tena kitufe au uzime gari uwashe. ABS yenyewe, ya kuzuia breki zisifunge tairi, inabaki, hiyo kitufe hakiigusi.

Swali langu ila ni moja: tairi za nyuma zikoje? VSC inagawa mshiko uliopo, haitengenezi mwingine. Soma namba nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa tairi, ndo tarehe ya kutengenezwa, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka.

Mdau_Buhongwa
Mi nina Mark X, nazima kwenye tope tu. Mwaka jana nilinasa njia ya kwa shemeji huku Buhongwa, kila nikikanyaga mafuta gari inakohoa inakata nguvu, kumbe traksheni inaona tairi linazunguka bure inazuia. Nikazima, ikachimba ikatoka. Nikarudisha. Kwenye lami iliyolowa kitufe sikigusi kabisa, hasa mvua ya kwanza, na barabara ya Mwaloni malori ya samaki yanachuruzika maji hata kiangazi.

Mleta mada
Fundi nimetoka kuzisoma sasa ivi na tochi ya simu. Mbele 1522. Nyuma 4011. Yani tairi za nyuma zimeizidi umri gari yenyewe!! Aliyeniuzia aliniambia "tairi mpya hizo angalia kashata zote zipo" na kweli zipo ila ukibonyeza kwa kucha ni ngumu kama soli ya raba ya zamani.

Nimerudisha VSC. Nani anajua wapi hapa mjini nitapata tairi za saizi 215/45 R17, sitaki mtumba tena.

Altezza_ya_Igoma
4011 😂😂 haya hapo nanyoosha mikono, hata mimi ningegeuka. Njoo pm kuna jamaa namfahamu analeta mpya. Na vitumbua vya yule mama ulinunua?

Mleta mada
Vya elfu mbili. Sasa kila nikipita ananiuliza leo inageuka saa ngapi.