Nyumba Shangani inatoa unga mweupe ukutani, nilipie mkaguzi wa unyevu au niache?

Mtu wa Ligula
Wakuu habari za mchana. Kuna nyumba nimeipata hapa Mtwara mjini, Shangani, vyumba vitatu na uwanja wa kutosha, mwenyewe anataka milioni 52 ila dalali anasema inashuka. Sasa juzi nimeenda mara ya pili nakuta sebule tu ndo imepigwa rangi mpya, vyumbani hamna, na nilipoinama nyuma ya kochi kuna unga mweupe kama magadi unatoka ukutani huku chini, ukigusa rangi inabambuka. Dalali anasema ni chumvi ya bahari tu, nyumba zote za pwani ziko hivyo. Kuna injinia kaniambia atakuja kukagua unyevu na kuniandikia ripoti kwa laki 3. Kuna haja kweli au hiyo hela niiweke ya kubadilishia hati?

Bamvua
Laki 3 ya kuambiwa ukuta umelowa? Si umeshauona mwenyewe mkuu. Kaza bei, toa hela ya plasta, hamia. Yangu iko Lindi, Mtanda, ina unyevu mwaka wa nane huu na hatujafa.

Mama Wawili
Bamvua usimpoteze mwenzio. Mimi nilinunua Mikindani nyumba ya zamani ya mawe na chokaa, nimeiona mwezi wa tisa kukavu kabisa, kumbe kifuku ndo kinaonyesha. Fundi akaja akachapa plasta ya saruji juu ya ile chokaa, mwaka uliofuata unyevu ukapanda mpaka usawa wa swichi, maana ukuta wa chokaa unapumua, ukiuziba na saruji maji yanatafuta pa kutokea. Vitenge vya marehemu mama vilivyokuwa kabatini vyote vikaota ukungu. Plasta nimerudia mara mbili na hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza maji yanatoka wapi!

Fundi Chokaa
Dada hapo umemaliza, swali ndo hilo. Kaka, ukuta uliolowa chini usiozidi kama mita moja mara nyingi maji yanapanda toka ardhini, ama nailoni ya kuzuia maji haikuwekwa juu ya msingi ama udongo wa nje umejazwa ukapita usawa wa jamvi, yaani sakafu ya zege. Hilo la pili jepesi, unachimba unashusha udongo. Ukilowa juu angalia bati, ukilowa kipande kimoja karibu na bafu ni bomba. Na kama walijengea mchanga wa baharini bila kuuosha, chumvi iko ndani ya ukuta wenyewe, inavuta unyevu wa hewani, hapo utabandika plasta mpaka uchoke.

Ila huyo injinia muulize kwanza anapima na nini. Kile kimashine cha sindano mbili kinapima umeme unavyopita, ukuta wenye chumvi kinapiga kelele hata kama maji ni kidogo. Akija na hicho tu asichungulie nje wala msingi, laki 3 yako imeenda.

Kabla hujalipa, kata nailoni saizi ya daftari, bandika ukutani na selotepu pande zote nne, iache siku mbili. Ikilowa upande wako ni hewa ya chumba, ikilowa upande wa ukuta, unyevu unatoka ukutani.

Bamvua
Hii ya nailoni sikuijua aisee. Naenda kubandika kwangu leo.

Mtu wa Ligula
Nimerudi wakuu. Dalali kagoma nisibandike, eti nachafua rangi, nikaongea na mpangaji wa chumba cha uani akanibandikia kwake. Leo asubuhi kanitumia picha, matone yako upande wa ukuta, na akaniambia kila kifuku huwa anasogeza godoro katikati ya chumba. Injinia nimemwita Jumamosi, nimemwambia aje na sururu tuangalie msingi kwa nje. Dalali anapiga simu toka saa mbili, sijapokea.