Treki ya inchi 165 inagoma kukata kona na inanyanyua pua: niuze nichukue 154 au shida ni saspensheni?

chinga_wa_SLC

Wakuu habari za baridi. Niko Salt Lake huku Utah, juzi juzi nimevuta pikipiki ya theluji ya mtumba, injini ya cc 800, ya mlimani, treki (ule mkanda wa mpira wa chini unaoisukuma) inchi 165, meno ya inchi 3. Kabla ya hapo nilikuwa naazima ya jamaa yangu wa kazini, 146, ile tunaelewana, ukiilaza inalala ukiigeuza inageuka. Hii ndefu ni kichwa ngumu balaa.

Huwa tunaingilia Kamas, tunapanda na ile barabara ya Mirror Lake ambayo wakati wa baridi inafungwa kwa magari wanaisawazisha kwa ajili yetu, sasa pale kwenye kona nakata usukani, skii zimegeuka kabisa naziona kwa macho, mashine inaendelea kunyooka kuelekea kwenye miti. Tukifika juu kwenye theluji laini nikibana mafuta tu pua inapanda, skii ziko hewani, naona mawingu. Na nikitaka kukata ubavu wa mlima haikai kwenye ukingo mmoja, inajirudisha inalala flati alafu inaanza kuteremka na mimi.

Mimi nina kilo 104 bila begi. Kijana aliyeniuzia alikuwa mwembamba, kilo sitini na kitu nadhani. Sijagusa springi wala chochote, iko vile vile ilivyotoka kwake. Kuna mtu ananiambia 165 ni ya wapanda milima mikali tu, niiuze nichukue 154. Mnasemaje wadau?

FundiBaridi

Pole mkuu, ila usiuze kwanza. Watu wakisikia 165 wanadhani wameongezewa inchi 11 za treki chini. Sio. Treki ni mkanda unaozunguka, nusu iko juu inarudi, nusu iko chini inafanya kazi, kwahiyo kutoka 154 kwenda 165 kinachoongezeka kwenye theluji ni inchi tano na nusu hivi, sentimita 14. Hata kutoka hiyo 146 ya jamaa yako haifiki inchi kumi. Zinaleta tofauti ndio, kona inakuwa pana na mashine inapenda kunyooka, hilo sikatai, lakini kunyanyua pua sio tabia ya treki ndefu. Ndefu ndo inatakiwa itulie zaidi maana kuna mkanda mwingi nyuma yako unaizuia isikae chali. Ukiona 165 inanyanyua kuliko 146 ujue kuna kitu kwenye saspensheni.

Na jibu umeshaliandika mwenyewe, kilo 104 umekaa kwenye springi za mtu wa kilo sitini. Ukipakia gunia la mkaa kwenye keria ya baiskeli si unajua mbele inavyokuwa, unakata hendo baiskeli haina habari. Ndo hiyo hiyo. Nyuma imezama, mbele imekuwa nyepesi, kwenye barabara ngumu skii hazina uzito wa kung'ata na kwenye laini ukiongeza mafuta kidogo tu pua imeondoka.

Sasa fanya hivi. Shika bampa ya nyuma unyanyue mpaka shokapu zimenyooka zote, mwenzio apime toka bampa mpaka chini. Alafu vaa kila kitu unachopanda nacho, begi, koleo, maji, helmeti, usipime na kaptula gereji, simama pale unapokanyaga siku zote, ichezeshe kidogo itulie, apime tena. Tofauti ikizidi theluthi ya safari yote ya nyuma basi springi haikubebi. Kama ni zile za kujikunja zina kibao cha pembe tatu cha kugeuza, weka ngumu zaidi. Kama ni koili kwenye shokapu kaza ile ringi ya nyuzi. Na kama umeshakaza mpaka mwisho na bado unazama, acha kulazimisha, nunua springi nzito ya uzito wako. Kukaza sana springi laini kunaipandisha tu mashine, ugumu wake unabaki ule ule.

Nyuma ikikaa sawa ndo uende kwenye strapu. Pale mbele ya reli za treki kuna strapu inazuia mbele ya reli isishuke sana, ina matundu. Ukiikaza tundu moja mbele ya reli inapanda juu kidogo, uzito unarudi kwenye skii, na treki inaingia kwenye theluji kwa mteremko wa taratibu badala ya kuipiga na uso, kwahiyo inapanda juu ya theluji mapema na pua inabaki chini. Ukiilegeza ni kinyume chake, inanyanyua, na kuna vijana wanapenda hivyo kwa ajili ya mbwembwe. Tundu moja, ukaendeshe, ndo uamue la pili. Na ukigusa strapu angalia tena mkazo wa treki maana unabadilika, hii watu wanasahau sana.

Cha mwisho ni shokapu ya mbele ya treki, ile ya katikati. Hii wengi wanaielewa kinyume. Ikiwa ngumu inasukuma mbele ya mashine juu, skii zinakuwa nyepesi, usukani unakuwa laini mtamu lakini haugeuzi. Kwa kona zako za Mirror Lake ilegeze kidogo. Ila ya nyuma kwanza, usije ukagusa vitatu siku moja ukashindwa kujua kipi kimesaidia.

Mutoto_wa_Uvira

Jambo bandugu. Mimi niko Boise, Idaho, tunapandaga upande wa McCall. Fundi amesema vizuri lakini mi siko pamoja naye kwa yote. Urefu ni kitu. Kule kwetu ni miti tupu, unapita katikati ya miti nafasi kama ya mlango, pale 165 inakuchosha mikono, kila kugeuka unahitaji nafasi kubwa na mwili wote. Mwenye 154 anazunguka mti mimi bado napiga mahesabu. Kwenye sehemu wazi na theluji ya kufika kiunoni hapo ndefu ni mfalme, inaelea, unaweza hata kupunguza mafuta katikati ya mlima na isizame, ile fupi ukiachia mafuta inachimba shimo na unaanza kazi ya koleo. Kwahiyo swali la kwanza ni unapanda wapi, sio kilo ngapi peke yake.

Alafu angalieni na upana. Summit, zile mashine za mlimani za kampuni ya Ski-Doo, nyingi upana wa treki yake ni inchi 16, wengine wengi ni 15. Piga hesabu, 154 mara 16 ni 2464, 165 mara 15 ni 2475. Ni karibu sawa kabisa eneo lote. Yani mtu anakucheka na 154 yake kumbe anaelea sawa na wewe. Lakini ile pana nayo ni ngumu zaidi kidogo kuilaza ubavu, hakuna cha bure, ndio maana wao wakaleta ile saspensheni ya nyuma inayojipinda, tMotion, tangu modeli za 2013, na washindani wao Arctic Cat wakaja na Alpha One ya 2019 yenye reli moja katikati badala ya mbili. Wote wanatafuta kitu kimoja, treki ndefu inayolala ubavu kama fupi.

Na nguvu usisahau. Injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 3 kwa kila futi 1000 unazopanda. Milima ya Uinta huko kwenu unafika futi 10,000 bila shida, hapo karibu robo tatu tu ya farasi zako ndio zimebaki, na pungufu ya hapo. Treki ndefu yenye meno ya inchi 3 inataka nguvu kuizungusha. Kwa 800 iko sawa. Mtu wa 600 nisingemshauri, huyo abaki 146 mpaka 154.

chinga_wa_SLC

Asante sana ndugu zangu. Mutoto wa Uvira, sisi ni mchanganyiko, chini miti, juu wazi. Meseji ya Fundi imenifungua macho, jioni napima.

Ila ile ya ubavu wa mlima hamjaigusa. Na shokapu za kwenye skii ni za hewa, kuna namba ya psi, yaani kipimo cha hewa, imeandikwa kwenye stika.

Nyambura_theluji

Sasa chinga. Niko Denver, naendanga Vail Pass na Rabbit Ears. Hii ya ubavu acha nikuambie mimi juu hao wamejadili treki mpaka wakasahau mbele.

Mashine ikilala ubavu, skii ya upande wa chini inataka kunyooka chini na ile ya juu inabanwa. Kama shoki za skii ziko ngumu, zote mbili zinasukuma mashine irudi flati, na hiyo ndio unaskia. Tena wewe uko mzito, mtu anaona mbele inapanda anaongeza hewa kwa skii akidhani atashikilia pua chini. Haishikilii pua. Inakufanya tu upigane na ubavu. Punguza hewa kidogo kidogo mpaka mashine ikubali kulala ukiivuta na mguu na mkono, bila kukung'ang'ania. Cheki pia kama iko na ile bomba ya chuma inayounganisha skii mbili isiyumbe, ya kuzuia kulala. Mashine nyingi za mlima hazina, lakini hizi za mtumba mtu anaweza kuwa ameweka kwa ajili ya barabara. Kama iko, toa. Na upana kati ya skii mbili, kama ni za kurekebisha weka karibu kabisa, inchi 36 hivi, pana ni ya wale wa trail, njia zilizosawazishwa.

Alafu psi ya kwa stika. Wewe umejaza kwa gereji, kuna joto, sio? Hewa ikipoa inapungua. Ukitoa mashine kwa digrii 20 uipeleke kwa minus 10, psi 60 inashuka mpaka karibu 53. Saa hiyo hujagusa kitu. Ndio maana asubuhi iko laini na jioni kwa gereji unapima unaona iko sawa, unachanganyikiwa. Mimi huiacha nje usiku mzima nipime asubuhi kabla ya kupakia kwa trela.

Mwili pia. Kukata ubavu wa kulia simama mguu wa kulia peke yake kwa ubao wa upande wa mlima, huo mwingine uko hewani ama umekunja goti kwa kiti, vuta hendo kuelekea kwako, na usukani ugeuze kuelekea chini. Ndio, chini. Watu wa treki fupi hawajifunzi hii sawasawa juu fupi inakusamehe, 165 haikusamehei, lakini ikishalala imelala, inaenda kama imewekwa kwa reli na hauhitaji kuikumbusha kila mita.

Na usikasirike nikiongea kama shangazi yako. Ukishatengeneza hii kitu itakupandisha mahali 146 haikuwahi kukufikisha. Maporomoko mengi ya theluji hutokea kwa miteremko ya digrii 30 mpaka 45, na hiyo ndio miteremko tamu. Uko Utah, Utah Avalanche Center wanatoa ripoti kila asubuhi ya msimu, soma kabla ya kutoka kwa nyumba. Bikoni (kile kifaa cha kutoa ishara ukifukiwa), koleo na kijiti kirefu cha kuchomea theluji kutafuta aliyefukiwa, kila mtu na yake mwilini, sio kwa begi iliyofungwa nyuma ya mashine. Mmoja mmoja kwa mlima, na mwenzako akikwama juu usipande kumsaidia ukisimama juu yake na mashine, hiyo imeua watu wengi kabisa.

FundiBaridi

Dada umemaliza kila kitu. Hiyo ya hewa na baridi naongezea kwamba na ya nyuma ikiwa ya hewa ni hivyo hivyo.

chinga_wa_SLC

Naleta mrejesho. Nilipima, nyuma ilikuwa imezama karibu nusu ya safari yote, na hapo begi lilikuwa bado kwenye gari! Ringi ilikuwa imelegezwa mpaka juu kabisa, yule kijana alitaka iwe laini. Nimeikaza ikaja theluthi na kidogo, nimeagiza springi nzito maana nyuzi zilishakaribia mwisho. Strapu nimekaza tundu moja. Skii nimetoa hewa psi 10 nje asubuhi kwenye baridi. Ya katikati sijaigusa.

Jumamosi tukaenda. Kona za barabara sasa inageuka, sio kama 146 lakini inageuka, naweza kukaa upande wangu bila kumtisha anayekuja. Juu kwenye laini nikibana mafuta inanyanyuka kidogo inasimama hapo hapo inaondoka, raha sana. Ubavu wa kushoto naweza. Wa kulia bado najiokota, mafuta yako mkono wa kulia alafu ndo mkono huo huo navuta hendo, nikivuta nabana bila kutaka.

Siuzi tena. Swali dogo, joto la injini lilianza kupanda tukiwa kwenye barabara ngumu tunarudi, taa ikawaka. Ni treki nimekaza sana au?

Mutoto_wa_Uvira

Hapana, hiyo ni theluji ngumu. Mashine inapozwa na theluji inayorushwa na treki kwenye redieta za chini ya kiti, barabara ikiwa barafu hakuna kinachorushwa. Shusha zile waya za kukwaruza pembeni ya reli kama unazo, zinakwaruza barafu irushwe juu, kama huna nunua, sio ghali. Zinasaidia pia plastiki za reli zisiyeyuke. Ukirudi nyuma zipandishe kwanza kama sio zile za kujikunja, zitavunjika. Na kama huna leo, toka pembeni ya barabara kwenye laini dakika moja, taa itazima.

Nyambura_theluji

Kwa mkono wa kulia, kidole kimoja gumba tu kwa mafuta na vile vinne vyote vishike hendo, vuta na bega sio na kiganja. Na nunua pampu yako ya shoki, ile ndogo ya mkono iko na geji. Usiweke kompresa ya matairi, ndani ya shoki kuna nafasi ndogo sana ya hewa, ukigusa tu imepita kipimo.