Shimo fupi la gofu la paa 4 lenye kona ya kulia: draiva au mbao ya 5?

KonaKulia:
Wadau, naomba ushauri. Paa 4 (shimo la kumalizwa kwa mapigo manne), yadi 335. Feawei (njia ya nyasi fupi) ina upana wa yadi 30 na inakata kulia kwa digrii 60 hivi, kona ikiwa yadi 215 kutoka tii (mahali pa kuanzia). Ndani ya kona ni mikalitusi mirefu, nje kuna rafu (nyasi ndefu) ya kikuyu kisha banka (shimo la mchanga). Grini (eneo lenye bendera) nyembamba, banka mbele kulia. Kiwanja kiko mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Handikepi 17 (mchezaji wa wastani). Kwa vipimo vya hukuhuku (fimbo kuanzia ndefu hadi fupi, kwa yadi), draiva yangu inatua 210 na kuviringika 20, mbao ya 3 jumla 218, mbao ya 5 jumla 205, haibridi 190. Kukata kona juu ya miti kunalipa?

Yadi_kwa_Yadi:
Hakulipi, na hesabu iko wazi. Mstari wa moja kwa moja kutoka tii hadi grini ni yadi 294, kwa hiyo unaona unaokoa 41. Lakini draiva inayotua 210 kwenye mstari huo inaangukia yadi 50 hivi pembeni mwa katikati ya feawei, bado ndani ya mikalitusi. Ili uangukie kwenye majani mafupi kwa njia hiyo unahitaji kutua zaidi ya 260.

Draiva iliyonyooka nayo ina shida. Feawei inapinda, kwa hiyo ukipiga katikati majani mafupi yanaisha karibu yadi 232. Ukielekea kushoto yadi 10 yanaisha 226. Yadi 230 zako zinaishia ukingoni kabisa au kwenye rafu hata pigo likiwa zuri.

Piga mbao ya 5, nusu ya kushoto. Kwenye 205 grini inaonekana yote na unabaki na yadi 20 za usalama mbele. Mbao ya 3 inakuachia 8 tu. Haibridi ni fupi mno: kutoka 190 miti ya ndani inaziba grini.

Mkono_Laini:
Naunga mkono, ila angalia majira. Kiangazi ardhi ikikauka, mbao ya 5 inaweza kuviringika yadi 15 zaidi, basi haibridi ndiyo inayokufikisha 205. Mvua za masika zikilowesha uwanja, mbao ya 3 inakuwa salama.

Weka mpira upande wa kulia wa tii, karibu na alama, ulenge kushoto: unaipa miti mgongo. Sheria pia inakuruhusu kurudi nyuma ya alama hadi urefu wa fimbo mbili, tafuta hapo pasipo na mteremko. Kama mpira wako unapinda kulia wenyewe, lenga ukingo wa kushoto uuache urudi. Anayepinda kushoto apunguze fimbo moja, kwa sababu mpira huo hutua chini na kukimbia moja kwa moja hadi nje ya kona.

KonaKulia:
Asanteni. Nikibaki na 134 na bendera iko kulia nyuma ya banka?

Yadi_kwa_Yadi:
Lenga katikati ya grini, usiiangalie bendera. Kutoka kushoto banka haimo njiani mwako. Ukilenga bendera unaiingiza tena. Ndiyo maana upande wa nje wa kona una thamani kuliko yadi 20 za ziada. Tazama shimo la 10 la Riviera, Los Angeles: yadi 315 tu, nyasi ni hizohizo za kikuyu, na bado pembe ya kushoto ndiyo inayofungua grini.

Kedi_Mkongwe:
Nyongeza kuhusu kikuyu. Mpira unazama, majani yanashika shingo ya fimbo na uso unafunga, ndipo mpira unakwenda kushoto na kufa njiani. Fungua uso kidogo, shika imara zaidi, piga kwa kushuka. Ukiwa umezama kabisa, toa kwa weji (fimbo fupi ya kuinua mpira) hadi feawei tu.

Mikalitusini, toka kwa upande uliofupi zaidi hata kama ni kurudi nyuma. Na ukihisi mpira umepotea, tangaza mpira wa akiba kabla hujaenda mbele kutafuta. Tangu 2019 muda wa kutafuta ni dakika 3, si 5.