Tupeane uzoefu: chakula cha wenyeji kilichokushinda, na kile kilichokuteka

Mleta mada

Ndugu zangu, katika nchi ambayo mtumishi wa umma anaweza kuzaliwa Pangani, akasomea Songea, akapangiwa kazi Karagwe na kuoa Kondoa, karibu kila mmoja wetu amewahi kuketi mbele ya sahani ambayo wenyeji waliimezea mate huku yeye akiitazama kwa wasiwasi. Naomba tusimuliane. Sihitaji orodha ya makabila na "vitu vya ajabu" wanavyokula, kwa sababu hakuna chakula cha ajabu kwa aliyekilia utotoni, na utani wa namna hiyo tumekwisha kuuchoka. Ninaloomba ni jambo moja tu: ueleze ni kitu gani hasa kilichokushinda. Ilikuwa harufu, utelezi, uchungu au umbo? Au ulikuwa ukila vizuri kabisa mpaka ulipotajiwa jina lake? Nashuku kwamba ulimi unasingiziwa mengi ambayo haukuyatenda.

Mwalimu wa sekondari, Bukoba (asili yake Tanga)

Nilihamia Bukoba mwezi Novemba, katikati ya msimu wa senene, wale panzi wanaoliwa, bila kujua kwamba mwanga mkali niliouona usiku ulikuwa mitego. Watu husimamisha mabati, huwasha taa kubwa, na senene wanaoifuata taa hujigonga kwenye bati na kuteleza hadi ndani ya pipa. Jirani yangu, mama mmoja wa Kihaya mwenye heshima zake, alinikaribisha barazani tuwachambue pamoja: unamshika senene, unanyofoa mbawa, unanyofoa miguu, unatupia mwili kwenye beseni, na vidole vinabaki na mafuta mpaka jioni. Aliwaosha, akawaweka katika sufuria kavu pamoja na chumvi na kitunguu, bila tone la mafuta, kwa kuwa senene wana mafuta yao ya kutosha, kisha akawageuza polepole mpaka wakabadilika kuwa kahawia na kuanza kukwaruza chini ya mwiko.

Harufu ilikuwa nzuri mno. Ilinikumbusha kamba wanaokaangwa kwetu. Kilichonishinda ni macho yao. Nilipomweleza mama yule, alicheka, akaniuliza, "Mwalimu, dagaa unamla na kichwa chake?" Nikamjibu kwamba ndiyo. "Na dagaa hana macho?" Nilikosa la kujibu, nikamla wa kwanza huku nimefumba macho yangu mwenyewe. Siku hizi msimu ukianza huwa sisubiri kukaribishwa.

Mwenyeji wa Bukoba, sasa yupo Dar es Salaam

Nimefurahi kusoma habari za mwalimu. Kwetu senene ni zawadi, na mtu anayerudi mjini kutoka nyumbani msimu huo bila kifurushi lazima aulizwe kulikoni. Hata hivyo, msidhani kwamba kila anayeishi kando ya ziwa letu anawala. Ng'ambo ya mpaka, kwa Waganda, upo ukoo unaoitwa Nsenene, na watu wa ukoo huo hawamli mdudu huyo kwa sababu ndiye mwiko wao. Zamani huko Buganda wanawake walikuwa wakiwakusanya na kuwapika kwa ajili ya waume zao, lakini wao wenyewe hawakuruhusiwa kuwaonja. Watu wote hao hawakuwahi kuulizwa kama senene ni watamu.

Muuguzi, Dodoma (asili yake Moshi)

Mimi nilishindwa na mlenda, na nitaeleza kwa kirefu kwa sababu nimeutafakari sana. Nilikuwa nimekwenda kijijini kwa kazi ya chanjo, na mchana tukakaribishwa ugali wa uwele na mlenda wa majani makavu yaliyotwangwa, uliopikwa kwa magadi kidogo na karanga. Nilichovya tonge kama ninavyochovya kwenye mchuzi wowote, nikalinyanyua, na ule uzi ukanifuata kutoka bakulini hadi kidevuni. Ladha haikuwa na kosa lolote: ilikuwa ladha ya majani, ya karanga na ya chumvi. Lakini koo lilifunga. Nilihisi kwamba tonge linashuka lenyewe kabla sijaliruhusu, na hilo ndilo lililonitisha.

Bibi mwenye nyumba aliona, wala hakukasirika. Alinifundisha kwamba tonge liwe dogo, libonyezwe katikati kwa dole gumba, uchote, halafu uzungushe mkono mara moja kwenye ukingo wa bakuli ili uzi ukatike, na kwamba usijaribu kuutafuna mlenda, kwa sababu anayeutafuna ndiye anayesumbuka. Alisema pia kuwa katika nchi kavu kama ile, ugali wa uwele bila kitu cha kuuteremsha ni adhabu. Hapo nilielewa kwamba ule utelezi nilioukimbia ndio hasa walioukusudia. Magadi yanawekwa ili uongezeke.

Mleta mada

Ahsante, muuguzi. Koo lako lilikuwa na sababu. Nyama na samaki wanaoanza kuoza huota utelezi kwa sababu ya bakteria, na mwili huchukua tahadhari mapema kuliko akili. Tahadhari hiyo hulegea pale tu ambapo utelezi umezoeleka tangu utotoni kuwa dalili ya chakula, si ya uozo.

Fundi umeme, Muscat (asili yake Kakamega)

Kwetu mlenda twauita mrenda, nasi hatukuhitaji kufundishwa. Niliposafiri kuja Oman nilidhani nimeachana nao mpaka siku ya likizo, lakini katika nyumba tunayoishi wafanyakazi yupo Mmisri ambaye kila Ijumaa hupika kitu anachokiita mulukhiya kwa supu ya kuku, kitunguu saumu na giligilani. Nilipokaribia sufuria niliyatambua majani yale yale. Wenzetu wengine hutoka nje anapopika. Sisi wawili tunabaki na sufuria yetu kwa amani. Ameniambia kwamba khalifa wa Kifatimi al-Hakim, aliyetawala Misri kati ya mwaka 996 na 1021, aliwahi kuipiga marufuku mboga hiyo. Nilimwambia kwamba khalifa huyo asingedumu Kakamega.

Mfanyabiashara, Wete

Wengi wanasimulia walivyoshindwa na vya wenzao, nami nasimulia jinsi wenzangu walivyoshindwa na changu. Nilipokuwa nikisoma Iringa, mama alikuwa akinitumia papa mkavu. Namna ya kumpika ni hii: unamroweka, unamchemsha, unamwaga maji, unamchambua nyama ikiwa nyuzinyuzi, kisha unamuunga kwa nazi, nyanya, pilipili na ndimu au embe mbichi. Huo mchuzi wa mwisho hauna ubaya, na hata jirani zangu waliukubali. Tatizo lilikuwa kule kuchemsha kwa mwanzo. Siku moja mwenye nyumba aligonga mlango, akauliza kwa upole kama huenda kuna panya amenifia darini. Nilimwonyesha sufuria. Hakusema neno, aliniomba tu niwe napikia uani.

Kwangu mimi ile ndiyo harufu ya nyumbani, na mama anadai kwamba alipokuwa na mimba yangu hakutaka kitoweo kingine.

Mleta mada

Madai ya mama yasipuuzwe. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake huko Marekani walichapisha jaribio ambalo baadhi ya wanawake walikunywa juisi ya karoti katika miezi ya mwisho ya ujauzito, wengine wakainywa walipokuwa wakinyonyesha, na wengine wakanywa maji tu. Watoto walipoanza kulishwa uji wa nafaka wenye ladha ya karoti, wale ambao mama zao walikunywa juisi hawakuukunjia uso kama wale wa kundi la maji. Vionjo vya chakula cha mama hupita katika maji ya uzazi na katika maziwa, kwa hiyo mtoto wa Wete huenda humfahamu papa kabla hajaota jino.

Kuhusu harufu yenyewe, papa huhifadhi urea nyingi katika nyama yake, jambo linalomsaidia kuishi katika maji ya chumvi. Akishakufa, bakteria huigeuza urea hiyo kuwa amonia. Huko Iceland papa huchachushwa, kisha huanikwa kwa miezi kadhaa mpaka awashe pua, na huitwa hákarl. Ni chakula chao cha fahari.

Mama wa nyumbani, Pangani

Mimi na mdogo wangu tumelelewa na mama mmoja kwa chungu kimoja. Mchunga, ile mboga ya majani machungu, ukishachemshwa na kukamuliwa, ukaungwa kwa nazi, mimi huusifia mpaka nilambe vidole. Mdogo wangu huapa kwamba ni dawa. Tumeshatimiza umri wa kuwa na wajukuu na hajabadilika. Mazoea, kwa hiyo, hayatoshi kueleza.

Mleta mada

Hapa ulimi una kesi ya kujibu. Mwaka 1931 mkemia Arthur Fox, alipokuwa akifanya kazi katika maabara ya kampuni ya DuPont, alipeperusha kwa bahati mbaya unga wa kemikali iitwayo kwa kifupi PTC. Mwenzake alilalamika kwamba ni chungu, ilhali Fox mwenyewe hakuhisi kitu. Baadaye ilithibitika kuwa tofauti hiyo hurithiwa. Binadamu tuna jeni zipatazo 25 za kutambua uchungu, na hata ndugu wa tumbo moja hawagawiwi sawasawa.

Dereva, Morogoro

Changu kitawashangaza, kwa sababu ninachokichukia ni pilau. Nilipokuwa kijana nilikula pilau la harusi, na usiku ule ule malaria ikanipanda, nikatapika mpaka asubuhi. Najua vizuri kwamba malaria haitoki kwenye pilau. Lakini mpaka leo bizari nyembamba ikianza kukaangwa, mate ya kichefuchefu yananijaa mdomoni, na harusini huwa naomba wali mweupe kwa sauti ya chini ili nisionekane nina dharau.

Mleta mada

Dereva hana lawama. Katika jaribio la mwaka 1955, John Garcia na wenzake waliwapa panya maji matamu na wakati huohuo wakawapiga mionzi iliyowaumiza tumbo. Panya wakayakwepa maji yale baadaye, ingawa utamu haukuwa na hatia. Akili inaweza kujua ukweli na tumbo likakataa kuufuata.

Mke wa Mkalenjin, Eldoret (asili yake Kilwa)

Nilipoletwa ukweni nilipokewa kwa mursik, yaani maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti, yakawa na rangi ya kijivu. Ni yale yale wanayonyweshwa wanariadha wanaporejea na medali katika uwanja wa ndege wa Nairobi, kwa hiyo sikuweza kuyakataa. Rangi ilinitisha, lakini ukali wake na ule moshi kwa mbali vilinipendeza. Kilichonisumbua ni maziwa mabichi ya asubuhi, ambayo mume wangu huyanywa kwa kikombe kikubwa. Mimi nikinywa nusu yake, tumbo linanguruma mchana kutwa. Mama mkwe aliliona hilo mapema, akaamua kwamba mimi ni mtu wa mursik, na hajanipa mengine tena.

Mleta mada

Mama mkwe ana hekima. Watu wengi duniani wakishakuwa watu wazima hupoteza uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba jamii za wafugaji wa Kenya, Tanzania na Sudan zina mabadiliko yao wenyewe ya jeni yanayoulinda uwezo huo, tofauti na yale ya Ulaya. Maziwa yakichacha, bakteria hupunguza sukari hiyo, ndiyo maana mgeni huyavumilia.

Mhasibu, Mtwara (asili yake Singida)

Nilikaribishwa nyumbani kwa rafiki upande wa Newala, nikaandaliwa ugali na kitoweo cha kubanikwa nilichoambiwa ni ndege. Nilikula, nikaongeza, nikasifu. Nilipomaliza kunawa ndipo walipocheka na kuniambia kwamba alikuwa panya wa shambani. Nilitoka nje na kila kitu kikarudi. Nakiri kwamba nyama ile ilikuwa tamu na safi, na kwamba panya huyo anakula nafaka shambani, si uchafu wa mtaroni. Lakini sijawasamehe kwa ule uongo.

Mleta mada

Kisa hiki kinathibitisha lile nililolishuku mwanzoni. Mwaka 2005 Ivan de Araujo na wenzake waliwanusisha watu harufu moja, mara ikiandikwa "jibini" na mara ikiandikwa "harufu ya mwili", na watu wale wale wakaipenda zaidi kwa jina la kwanza. Nyama ya mhasibu haikubadilika tumboni. Jina ndilo lililobadilika.

Kuhusu uongo, nipo upande wake. Mtu anaweza kuwa na mwiko wa dini au wa ukoo, na kuna jambo zito zaidi ya hapo: anayedhurika na kamba wa baharini anaweza kudhurika vilevile na senene, kwa kuwa wadudu na kamba wana protini zinazofanana. Mzaha wa kumficha mgeni jina la chakula unaweza kuishia hospitalini.

Mkulima, Newala

Namwomba radhi mhasibu kwa niaba ya waliomfanyia vile, ingawa siwajui. Kwangu mgeni huonyeshwa kitoweo kabla hakijabanikwa, na akiwa na shaka, huchinjiwa kuku. Kuna faida ya pili katika utaratibu huo: panya huwa watamu wakati wa mavuno tu, na kila mgeni anayechagua kuku anatubakizia wawili watatu.