Skopu na stendi kwa mwendo mrefu: begani, mgongoni au ndani ya begi?

kitwitwi_malindi
Wakuu, salaam. Januari hesabu ya ndege wa majini inarudi, na safari hii nitakuwa mdomo wa mto Sabaki, kisha hori ya Mida. Aliyewahi kufika Sabaki anajua hali yake: pikipiki inabaki nyuma, halafu ni mchanga, matope, mchanga tena mpaka baharini. Skopu yangu, ile darubini ya jicho moja ya kuweka juu ya stendi, ina lenzi ya mbele ya milimita 80, na stendi ni ya alumini. Nimevipima pamoja, kilo nne na nusu. Hapo bado darubini ya shingoni, maji ya kunywa na daftari.

Nimeona watu wakibeba kwa namna mbalimbali. Wapo wanaolaza stendi begani na skopu ikiwa juu yake, wapo wenye mkanda mmoja kama wa bunduki, wapo wanaoivaa mgongoni kwa mikanda miwili, na wapo wanaovitenganisha, skopu begini na stendi mkononi. Ipi inafaa kwa asubuhi nzima ya kutembea? Nataka nikilikuta kundi niwe nimeshalitazama kabla halijaruka, na jioni shingo iwe bado inageuka.

Mzee wa Kunduchi
Mwanangu, mimi ni mtu wa begani tangu zamani na sijaona sababu ya kuhama. Kwenye mashamba ya chumvi huku Kunduchi unatembea juu ya tuta, unasimama, unahesabu bwawa moja, unakwenda la pili. Stendi inashuka chini kila mara. Ukiwa na mikanda ya kufunga na kufungua, mikanda itakuchosha kabla ya mzigo.

Ila begani pana utaratibu wake. Tafuta sifongo ya godoro, izungushe sehemu ya juu ya miguu, kisha ifunge kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Alumini tupu juu ya mfupa wa bega haivumiliki kwa muda mrefu. Hamisha bega kabla halijaanza kuuma. Ule mkono wa kichwa cha stendi, ugeuze uelekee mbali na shingo yako.

Kubwa kuliko yote ni skrubu ya kile kibati kinachoshika skopu. Mtikisiko wa kutembea unailegeza kidogo kidogo, na skopu ikiwa nyuma ya kichwa huioni. Ikaze kwa sarafu kabla ya kutoka, na uikague tena njiani. Kisha funga kamba fupi imara kutoka kwenye skopu hadi kwenye shingo ya stendi. Kibati kikiachia, kamba itaidaka.

Zaina_Norwich
Shikamoo mzee. Kwa matuta ya chumvi sina ubishi na wewe, lakini kwa Sabaki nampendekezea ndugu yetu mgongoni.

Naishi Norwich, Uingereza, na hupenda kwenda Cley, pwani ya kaskazini ya Norfolk, ambako watazama ndege ni wengi mno. Huku utaona Scopac na Mulepack migongoni mwa watu. Ni kipande cha kitambaa kigumu chenye mikanda miwili ya mabega. Stendi inafungwa juu yake, miguu inalala mgongoni, skopu inasimama nyuma ya kichwa ikiwa tayari imeshafungwa. Ukifika, unavua, unaishusha, unatanua miguu, basi. Kitambaa hukitoi, kinabaki kinaning'inia kwenye miguu ya stendi.

Faida ambayo watu husahau kuitaja ni mikono. Ukibeba begani, mkono mmoja ni wa stendi muda wote. Ndege akipita juu unahangaika kunyanyua darubini kwa mkono uliobaki, na ndege wengi wa pwani utawaona kwanza kwa darubini, si kwa skopu. Mgongoni mikono yote miwili ni yako.

Ubaya wake: uzito unakaa juu, kwa hiyo ukiinama ghafla unakuvuta mbele. Na mgongo unaloa jasho hata huku kwenye baridi, sembuse Malindi.

Mzee wa Kunduchi
Marahaba binti yangu. Hilo la mikono nalikubali. Makozi wamenipita wengi kwa sababu hiyo.

fundi_kongowea
Usiagize ng'ambo, kitu hicho kinashonwa hapa hapa. Nenda mitumba utafute begi la mgongoni la zamani lenye mikanda minene ya mabega na mkanda wa kiuno. Huo wa kiuno usiukose, ndio unaohamisha uzito kutoka mabegani kwenda nyongani. Mpelekee fundi wa mabegi pamoja na stendi yenyewe, apime akiiona. Aweke mikanda mitatu yenye klipu: mmoja juu, chini kidogo ya kichwa cha stendi, na miwili chini, kila mmoja ukishika mguu wake. Mguu wa tatu uwe huru, ndipo utaweza kusimamisha stendi bila kufungua chochote.

Ule mkanda mmoja wa kutundika begani siupendi kwa uzito wako. Stendi inageuka geuka, inapiga paja, na uzito wote unakatia sehemu moja karibu na shingo. Kwa stendi nyepesi na kutoka kwenye gari hadi ukingoni, sawa. Kwa Sabaki hapana.

njia_ya_Gede
Mimi huongoza wageni Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke, na kila wiki naona mizigo hii ikibebwa kwa kila namna. Kitu kinachoamua ni mara ngapi utasimama na juu ya kichwa chako pana nini.

Mida mimi hubeba begani, kwa sababu sitembei sana. Maji yanapojaa yanawasukuma ndege kuja upande wako. Fika mapema maji yangali mbali, chagua mahali, simamisha stendi, uwaache waje. Wale Dromas ardeola, weupe kwa weusi wenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa, ambao huchimba mashimo ya kutagia mchangani kule Omani na Ghuba, watasogea wenyewe ukitulia. Siku za bamvua maji hufunika matope yote haraka, basi usichelewe. Anayezunguka na skopu Mida anawafukuza ndege na anachoka bure.

Kwenye mikoko, usivae mgongoni kamwe. Skopu inapita juu ya kichwa, inagonga matawi usiyoyaona. Ishike mkononi, miguu imekunjwa, skopu mbele yako.

Arabuko ni habari nyingine. Ndege wanapita kwa makundi juu ya miti, skopu haiwahi. Kazi yake ni moja tu, yule bundi mdogo wa Sokoke akiwa amelala mchana kichakani. Ukimpata, skopu inawaonyesha watu wote bila mtu kumkaribia. Kwa ajili yake naitia begini, na stendi nafunga ubavuni mwa begi.

mabamba_mtumbwini
Kutoka Uganda nina moja tu: kama safari yenu inafika kinamasi cha Mabamba kutafuta ndege aitwaye korongo nyangumi, skopu iacheni nyumbani. Mtumbwi unatikisika na stendi haitulii. Darubini ya shingoni inatosha kabisa.

lenzi_na_jua
Naomba niulize jambo lililo nyuma ya swali. Je, lazima iwe ya milimita 80? Skopu ya milimita 50 pamoja na lenzi ya jicho haifiki kilo moja, na inakubali stendi ndogo zaidi. Kuanzia saa nne asubuhi pwani kuna mazigazi juu ya matope, picha inachezacheza, na ukizidisha ukuzaji juu ya mara 30 unaona mvuke mkubwa zaidi, ndege yule yule. Kubwa inakulipa alfajiri na jioni, au ukitaka kusoma kwa mbali pete za watafiti miguuni mwa ndege. Kama kazi ni kuhesabu makundi, ndogo inaweza.

kitwitwi_malindi
Asanteni sana wote. @lenzi_na_jua, nakuelewa, ila kuwatenganisha vitwitwi wadogo wakiwa mbali ndiyo shida yangu kubwa, na hapo ile 80 nimeizoea. Naibakisha. Nitakachobadilisha baadaye ni stendi, nikipata ya kaboni nitapunguza karibu kilo nzima.

Nimeamua hivi: Sabaki mgongoni, ya kushonwa kama alivyoeleza fundi. Mida begani na sifongo, na nitafuata maji. Kamba ya mzee nimeshaifunga tayari. Swali lililobaki: matope ya Sabaki yanaingia kwenye vifungio vya miguu ya stendi. Mnafanyaje?

njia_ya_Gede
Anza kuvuta kipande cha chini kabisa, kile chembamba, mpaka mwisho, ndipo uje cha juu. Hivyo kifungio cha chini kinakaa juu ya matope na maji ya chumvi. Watu wengi huanza juu kwa mazoea, wanazamisha kifungio. Jioni osha miguu kwa maji baridi yasiyo na chumvi ikiwa imevutwa yote, iache wazi ikauke kivulini, ndipo uikunje. Kaskazi ikivuma, usipandishe nguzo ya katikati, tundika begi lako chini yake ili stendi itulie.

fundi_kongowea
Na upande unaogusa mgongo, mwambie fundi aweke neti nene ile ya ndani ya mabegi, asiache turubai tupu. Zaina amesema kweli kuhusu jasho. Akikwambia neti haipo, vua ile ya begi la mtumba lenyewe, huwa ipo.