Mada: Ratiba ya mama kwenda Fushimi Inari imerudishwa

Kutoka Osaka:
Ndugu zangu, salaam. Nimemwalika mama mzazi kutoka Tanga aje Japani kwa viza ya muda mfupi. Juminhyo (cheti cha makazi), kazei shomeisho (cheti cha kodi) na mimoto hoshosho (barua ya udhamini) zimepokelewa bila neno, lakini taizai yoteihyo (ratiba ya kukaa kwake) imerudishwa kwa sababu siku niliyoandika jinja (hekalu la Kishinto) la Fushimi Inari, Kyoto, na mji wa Uji ulio jirani haina uthibitisho wa nafasi. Jinja lile halina tiketi; liko wazi usiku na mchana, na kuingia ni bure. Je, niambatanishe nini?

Kutoka Nagoya:
Pole sana, mwanangu. Nilipomwalika dada yangu niliandika anwani ya nyumbani kwangu kwa kila siku, na ikapita. Hata hivyo, safari hiyo usiifute. Jinja lilianzishwa mwaka 711, na yale maelfu ya malango mekundu ambayo serikali imeyajenga mlimani ni ya kuonwa kwa macho.

Kutoka Fukuoka:
Shikamoo Mama. Naomba kusahihisha: serikali haikujenga malango hayo. Hutolewa na wafanyabiashara na watu binafsi wanaomwomba au kumshukuru Inari, mungu wa mpunga na biashara. Jina la mtoaji na tarehe huandikwa kwa rangi nyeusi upande wa nyuma wa nguzo, kwa hiyo huyasoma vizuri anayeteremka. Mlima una mita 233 tu, lakini ngazi ni nyingi. Kwa mtu mzima, kufika Yotsutsuji, njia panda iliyo katikati ya mlima, kunatosha, kwani kutoka hapo mji wa Kyoto unaonekana vizuri.

Kutoka Kobe:
Mmesahau kwamba mama ni Mwislamu, kama nilivyomwelewa dada wa Osaka siku zilizopita. Hakuna anayemlazimisha mgeni kufanya kama waumini wa jinja: kunawa kwenye birika, kuinama mara mbili na kupiga makofi mawili. Kupita kwa adabu kunatosha. Kinachohitaji uangalifu ni chakula, maana mchuzi wa kitsune udon (tambi nene zenye tofu ya kukaanga) unaouzwa jirani huweza kutiwa mirin, kiungo kitamu cha mchele chenye kileo. Anwani ya nyumbani kila siku si ushauri mzuri kama kweli mtatembea.

Kutoka Nagoya:
Marahaba, mwanangu wa Fukuoka, na ahsante kwa sahihisho. Wa Kobe, nilieleza kilichonitokea tu, sikumshauri mtu kudanganya. Mama yangu alifariki kabla sijapata uwezo wa kumwalika, nami kila nikifika Uji humfikiria, kwa sababu alipenda chai kuliko chakula. Mpeleke Taihoan, nyumba ya chai ya manispaa karibu na hekalu la Kibudha la Byodoin, akaone unga wa chai ya kijani ukikorogwa kwa kifagio cha mwanzi hadi utoe povu; ukumbi wa Byodoin, uliojengwa mwaka 1053, ndio ulio kwenye sarafu ya yen 10, basi mkabidhi sarafu moja mkononi aulinganishe. Kwenda Uji kutoka stesheni ya Inari, pandeni treni ya kawaida ya laini ya Nara, kwani ya haraka haisimami pale.