Mnapima mvutano wa uso wa uchafu, halafu mnatuletea grafu!

Wakuu, hii tabia inakera. Mtu anabandika grafu ya mvutano wa uso (nguvu inayoukaza uso wa kimiminika kama ngozi) wa maji yenye sodiamu dodesili salfeti, kemikali ya aina ya sabuni, anakokotoa hadi eneo ambalo molekuli moja inachukua usoni, lakini ukimuuliza maji matupu yalisoma ngapi, kimya! Maji safi kwenye nyuzi 25 za Selsiasi ni milinyutoni 72.0 kwa mita. Kwenye nyuzi 20 ni 72.8. Kama yako yalisoma 69 kabla hujaweka kemikali, huna data. Mwaga, osha, anza upya.

Na uchafu mnauleta wenyewe. Pete ya platinamu, ile inayovutwa kutoka kwenye maji ili kupima mvutano, haipanguswi kwa tishu! Suuza kwa maji yaliyochujwa, kisha ethanoli, kisha ipitishe kwenye moto wa buluu mpaka iwe nyekundu, na urudie hivyo kila kipimo. Bakuli likioshwa kwa sabuni ya vyombo, mabaki ya sabuni hiyo ndiyo mtakayopima. Vyombo vya plastiki na girisi ya silikoni viwe mbali kabisa.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni lile bonde kwenye grafu. Kemikali ikizidi kuongezwa, mvutano unashuka, unapita chini, halafu unapanda tena karibu na milimoli 8 kwa lita, pale miseli (mafungu ya molekuli za kemikali hiyo) zinapoanza kujengeka. Watu wanaliita ugunduzi! Hiyo ni dodekanoli, aina ya alkoholi, inayobaki kiwandani au inayozaliwa kemikali inapovunjwa na maji. Inapenda uso wa maji kuliko salfeti yenyewe, kwa hiyo kiasi kidogo tu kinatosha kuushusha mvutano. Miseli zikishatokea zinaimeza, uso unabaki bila yake, namba inapanda. Dawa yake ni kuifuwelisha upya kemikali kwa ethanoli, mara kadhaa ikibidi, na kutumia mmumunyo wa siku hiyohiyo. Kulisawazisha bonde kwa kompyuta ni kudanganya.

Halafu haraka! Mmumunyo hafifu unahitaji muda molekuli zifike juu. Soma kila dakika chache hadi namba itulie, bakuli likiwa limefunikwa. Anayesoma mara moja na kuondoka anapata mvutano mkubwa kuliko halisi.

Wanaotumia pete: chukueni nguvu ya juu kabisa, ambayo hutokea kabla utando wa maji unaoinuliwa na pete haujakatika, kisha zidisheni kwa kigezo cha Harkins na Jordan, namba ya kusahihisha umbo la pete na maji inayoyainua. Namba ghafi siyo mvutano. Pete iliyopinda nayo itupwe au inyooshwe na fundi wake.

Mwisho, mlinganyo wa Gibbs, unaogeuza mteremko wa grafu kuwa wingi wa molekuli usoni. Kemikali hii ina ioni mbili, hivyo bila chumvi ya ziada unaweka 2 kwenye kigawanyo. Mnaweka 1, mnapata eneo la molekuli ambalo ni nusu ya halisi, na bado mnaligombania!